Madini ya nyuklia: Kwa nini ushirikiano wa mataifa haufai kulegezwa

KATIKA nyika kame za mashariki mwa Kazakhstan kuna milima iitwayo Degelen. Milima hiyo ilikuwa sehemu ya uwanja wa Semipalatinsk, mahali ambapo Muungano wa Kisovieti ulifanyia majaribio 456 ya silaha za nyuklia kati ya mwaka wa 1949 na 1989. Mengi ya majaribio hayo yalifanyiwa ndani ya mahandaki yaliyochimbwa katika matumbo ya milima hiyo.

Si majaribio yote yaliyoteketeza kila kitu. Baadhi yalikuwa madogo, yakanuiwa tu kupima usalama wa silaha au jinsi metali inavyobadilika inapobanwa kwa nguvu. Baada ya majaribio ya aina hiyo, madini ya plutoniamu yalisalia humo mahandakini, mengine yakiwa katika hali ambayo mtu mwenye ujuzi angeweza kuyakusanya.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mnamo Desemba 1991, wanajeshi waliolinda eneo hilo waliondoka. Wenyeji waliobaki hawakuwa na kazi wala mishahara. Wakaanza kuingia mahandakini kutafuta nyaya za shaba na reli za chuma ili wakaziuze kama vyuma chakavu.

Msomaji wa humu nchini hahitaji kuelezwa sana jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa. Mnamo Januari 2022, serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya mitambo ya umeme na miundomsingi mingine kuharibiwa na wezi. Tofauti ni kwamba mwizi wa nyaya wa Degelen alikuwa akipita hatua chache tu kutoka kwa madini yanayoweza kuunda bomu la kuangamiza jiji zima.

Mwanasayansi Siegfried Hecker, aliyekuwa ameongoza maabara ya silaha ya Los Alamos nchini Marekani hadi 1997, alizuru eneo hilo mwaka wa 1998. Alitarajia kukuta watu wachache wakiwa na ngamia na sururu. Badala yake alikuta mitaro mirefu iliyochimbwa kwa mashine kubwa. Ilikuwa kazi ya magenge yaliyojipanga barabara.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba hakuna taifa lililoweza kuutatua mkasa huo likiwa peke yake. Urusi ndiyo iliyojua ni handaki gani lililokuwa na plutoniamu, na ni kiasi gani, lakini habari hizo zilikuwa siri ya kijeshi na ardhi haikuwa yake tena. Kazakhstan ilimiliki ardhi, lakini haikuachiwa kumbukumbu zozote za majaribio hayo wala haikuwa na pesa. Marekani ilikuwa na pesa, lakini haikuwa na habari wala ardhi.

Wanasayansi wa pande hizo tatu walianza kuzungumza polepole. Warusi walikubali kufichua maeneo machache kwanza, kisha mengine, kadiri imani ilivyozidi kujengeka. Wakazakh walichimba na kujenga. Wamarekani walilipa gharama ambayo hatimaye ilifika takriban dola milioni 150. Mahandaki yalijazwa saruji maalumu iliyoshikamana na masalio hayo ili asiweze mtu kuyatenganisha tena kwa urahisi.

Kazi hiyo ilichukua miaka 17. Ilipokamilika mnamo Oktoba 2012, ilifanyiwa sherehe ndogo chini ya mlima huo, pasipo na kelele. Mnara wa mawe wenye pande tatu ulisimamishwa hapo, ukiwa na maandishi katika lugha za mataifa hayo matatu yanayosema kwamba ulimwengu umekuwa salama zaidi.

Swali linalowakera wataalamu wa usalama hivi sasa ni hili: Je, kazi kama hiyo ingeweza kufanyika leo?

Madini yanayozungumziwa

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni muhimu kwanza kufahamu ni madini yapi yanayohofiwa.

Uraniamu inayochimbwa ardhini haiwezi kuunda bomu. Katika kila kilo moja ya uraniamu ya asili, ni gramu saba tu hivi zilizo za aina inayohitajika, yaani uraniamu-235. Ili itumike katika vinu vingi vya umeme, kiwango hicho huongezwa hadi kati ya asilimia tatu na tano. Kitendo hicho cha kuongeza ndicho kiitwacho kurutubisha.

Uraniamu ikishafikia asilimia 20 huhesabiwa kuwa imerutubishwa kwa kiwango cha juu. Ile ya kuundia silaha aghalabu hufika asilimia 90. Plutoniamu nayo haipatikani ardhini kwa kiasi cha maana. Hutengenezwa ndani ya kinu cha nyuklia kisha ikatenganishwa na takataka nyinginezo.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao yake jijini Vienna, hutumia kilo 25 za uraniamu-235 iliyo ndani ya uraniamu ya kiwango hicho cha juu, au kilo nane za plutoniamu, kama kipimo cha kiasi ambacho kikitoweka haiwezi kudhaniwa kwamba bomu halitaundwa. Kilo nane za plutoniamu zinaweza kutoshea ndani ya kopo dogo.

Sasa linganisha kiasi hicho na akiba iliyopo. Ulimwengu una zaidi ya tani 1,200 za uraniamu ya kiwango cha juu na zaidi ya tani 500 za plutoniamu iliyokwisha kutenganishwa. Sehemu kubwa imo mikononi mwa Urusi na Marekani.

Kutengeneza madini hayo ndiyo kazi ngumu kupita zote. Huhitaji viwanda vikubwa, maelfu ya wataalamu na mabilioni ya pesa, mambo ambayo kundi la kigaidi haliwezi kuyamudu. Lakini madini yakishapatikana, kizuizi kikubwa huwa kimevukwa. Ndiyo maana wataalamu hushikilia kwamba ni rahisi mara nyingi kuyalinda mahali yalipo kuliko kuyatafuta yakishaibwa, hasa kwa kuwa uraniamu hutoa mionzi hafifu inayoweza kufichwa kwa kipande cha risasi, ile metali nzito.

Kuna pia kundi la pili la madini ya mionzi ambayo hayawezi kuunda bomu la nyuklia, lakini yanaweza kudhuru watu na kuchafua mtaa mzima. Hayo hutumika hospitalini kutibu saratani, na viwandani kupimia vitu.

Mnamo Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika kliniki iliyokuwa imehamwa, wakachukua kifaa cha tiba na kukiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa gizani kwa rangi ya samawati. Watu waliupenda, wakagawiana. Wanne walikufa, wengine 249 wakapatikana wameathiriwa, na zaidi ya watu 112,000 ikabidi wapimwe.

Jinsi ushirikiano ulivyoanza

Ushirikiano wa kulinda madini haya kwa kiwango kikubwa ulizaliwa mwaka ule ule wa 1991. Maseneta wawili wa Marekani, Sam Nunn wa chama cha Democratic na Richard Lugar wa Republican, walidhamini sheria iliyoruhusu pesa za Marekani zitumike kuisaidia nchi iliyokuwa hasimu wake kubomoa silaha na kulinda maghala.

Wengi waliona ni jambo la ajabu kumpa adui pesa. Maseneta hao walijibu kwamba kombora linalobomolewa kwa msumeno halimtishi mtu tena, na kwamba gharama yake ni ndogo likilinganishwa na lile linalosubiriwa angani.

Matunda yalionekana upesi. Ukraine, Belarus na Kazakhstan zilirejesha Urusi silaha zote zilizorithi, na kufikia mwisho wa 1996 hakuna hata moja iliyosalia katika nchi hizo tatu. Mnamo Novemba 1994, ndege za kijeshi za Marekani zilisafirisha takriban kilo 600 za uraniamu ya kiwango cha juu kutoka kiwanda cha Ulba kilichoko mji wa Ust-Kamenogorsk, Kazakhstan, hadi Oak Ridge katika jimbo la Tennessee. Serikali ya Kazakhstan yenyewe ndiyo iliyowajulisha Wamarekani kuhusu shehena hiyo.

Mnamo 1993, Urusi ilikubali kuiuzia Marekani tani 500 za uraniamu kutoka kwa silaha zake, ikiwa imepunguzwa makali ili itumike kama fueli ya vinu vya umeme. Mpango huo ulidumu miaka 20 hadi 2013. Madini ya vichwa vya makombora vipatavyo 20,000 yaliishia kuwasha taa na kupikia vyakula, na kwa muda mrefu yalichangia karibu asilimia kumi ya umeme wote wa Marekani. Makombora ambayo yangeelekezwa kwa miji hiyo ndiyo yaliyoiangazia.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, juhudi zilipanuliwa. Azimio 1540 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa mwaka wa 2004, liliilazimisha kila nchi mwanachama kutunga sheria za kuzuia silaha hizo na madini yake kuangukia mikono ya makundi yasiyo ya kiserikali. Rais Barack Obama naye aliwaalika viongozi wa mataifa zaidi ya 40 jijini Washington mnamo Aprili 2010. Mikutano mingine ilifuata Seoul 2012, The Hague 2014, na tena Washington 2016.

Kilichoifanya mikutano hiyo iwe na maana ni kwamba kila kiongozi alitakiwa kuja na ahadi, kisha akarudi baada ya miaka miwili kueleza alichotimiza. Hakuna rais apendaye kusimama mbele ya wenzake mikono mitupu. Kwa jumla, katika miongo hii mitatu, zaidi ya nchi 30 pamoja na Taiwan zimeondolewa uraniamu yote ya kiwango cha juu zilizokuwa nayo.

Afrika haiko pembeni

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya mataifa makubwa. Sivyo.

Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani kuunda mabomu yake ya kwanza katika Vita vya Pili vya Dunia ilichimbwa Shinkolobwe, jimboni Katanga, katika Congo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilijengwa Kinshasa mwaka wa 1959. Fito mbili za fueli ya kinu cha huko zilitoweka katika miaka ya 1970, na mojawapo ilikuja kunaswa nchini Italia mwaka wa 1998, mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Fueli hiyo haikufaa kuundia bomu, lakini kisa hicho kilionyesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kusafiri mbali.

Afrika Kusini ndiyo nchi pekee duniani iliyounda silaha zake za nyuklia kisha ikazibomoa kwa hiari. Iliunda sita, ikazivunja, ikajiunga na mkataba wa kuzuia uenezaji wa silaha hizo mwaka wa 1991, na miaka miwili baadaye ikautangazia ulimwengu. Hata hivyo, ilibaki na uraniamu iliyotolewa humo. Usiku mmoja wa Novemba 2007, watu wanne wenye silaha walipenya ua wa umeme wa kituo cha Pelindaba karibu na Pretoria, wakafika katika chumba cha kushughulikia dharura na kumpiga risasi mfanyakazi mmoja kabla ya kutoroka. Hawakuyafikia madini.

Marekani nayo, ambayo imezoea kuwafunza wengine, iliaibika mnamo Julai 2012. Mtawa mwenye umri wa miaka 82, Megan Rice, pamoja na wenzake wawili walikata nyua za kiwanda cha Y-12 huko Oak Ridge, wakafika hadi ukuta wa ghala la uraniamu ya silaha wakiwa na rangi, nyundo na mishumaa. Walikuwa waandamanaji wa amani. Wangekuwa watu wa nia nyingine, mambo yangekuwa tofauti.

Upande wa mafanikio, Ghana ilibadilisha kinu chake cha utafiti kitumie fueli ya kiwango cha chini, na mwaka wa 2017 uraniamu yake ya awali ikarudishwa China ilikotoka. Nigeria ilifuata mwaka wa 2018. Kazi hizo zilihusisha China, Marekani, IAEA na nchi hizo mbili za Kiafrika. Katika shughuli hiyo, mataifa yanayobishana kuhusu karibu kila jambo jingine yalifanya kazi pamoja.

Wakenya wana sababu ya kipekee ya kuyatilia maanani haya. Mnamo Februari 2001, katika kesi ya ulipuaji wa balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam iliyosikizwa New York, shahidi aliyekuwa mwanachama wa al-Qaeda, Jamal al-Fadl, aliieleza mahakama jinsi alivyotumwa miaka ya tisini kusaidia kununua uraniamu jijini Khartoum. Muuzaji alitaka dola milioni 1.5. Kundi lile lile lililoua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998 kwa lori la vilipuzi vya kawaida lilikuwa tayari linabisha hodi kwenye soko la madini ya nyuklia.

Nyufa zilivyoanza

Ushirikiano haukufa siku moja. Ulianza kupata nyufa ndogo ndogo.

Kwanza ilikuwa heshima. Urusi, iliyokuwa maskini miaka ya tisini, ilikuwa imejikwamua kiuchumi na haikutaka tena kuonekana kama mpokeaji wa misaada. Mkataba mkuu wa mpango wa Nunn na Lugar ulipokamilika Juni 2013, haukuongezwa ulivyokuwa. Ukafuatwa na mwingine mwembamba zaidi.

Pili, zikaja siasa. Urusi iliponyakua rasi ya Crimea mwaka wa 2014 na kuwekewa vikwazo, mawasiliano yaliparaganyika. Mwishoni mwa mwaka huo Urusi iliiarifu Marekani kwamba sehemu kubwa ya kazi za pamoja za kulinda madini katika ardhi yake ingekoma. Haikuhudhuria mkutano wa 2016. Oktoba mwaka huo ilisimamisha mkataba ambapo kila upande ulikuwa umeahidi kuangamiza tani 34 za plutoniamu ya silaha, na mwaka wa 2025 ikajiondoa kabisa.

Aidha, mpango wa kimataifa wa kukabiliana na ugaidi wa nyuklia ambao marais George W. Bush na Vladimir Putin waliuzindua mwaka wa 2006 ulisimamishwa mwaka wa 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Mkutano wa mawaziri ulioandaliwa na IAEA jijini Vienna mnamo Mei 2024 nao ulimalizika bila tamko lililokubaliwa na wote.

Sababu ya tatu haizungumziwi sana, nayo ni usahaulifu. Hatari ambayo haijatokea ni vigumu kuitengea bajeti. Mlinzi akikesha miaka 20 bila kuona mwizi, mwenye nyumba huanza kujiuliza kwa nini anamlipa. Wanasayansi waliojenga urafiki wakati wa Degelen nao wamezeeka au wamestaafu, na vijana waliochukua nafasi zao hawajuani hata kwa majina.

Wakati huo huo hatari haijapungua. Daftari la IAEA linalorekodi visa vya wizi, upotevu na magendo ya madini ya mionzi limesajili zaidi ya visa 4,000 tangu 1993. Ni vichache sana kati ya hivyo vilivyohusu madini ya kuundia bomu, lakini katika jambo hili kimoja kinatosha. Mnamo Juni 2025, Israel na Marekani ziliposhambulia vituo vya nyuklia vya Iran, nchi hiyo ilikadiriwa kuwa na zaidi ya kilo 400 za uraniamu iliyorutubishwa kwa asilimia 60. Kwa miezi iliyofuata, wakaguzi hawakuweza kuihakiki.

Funzo la Ukraine

Wapo wanaouliza iwapo ushirikiano wa zamani ulikuwa na faida yoyote, ikiwa umeishia hivi. Jibu linapatikana Ukraine.

Katika mkutano wa kwanza wa 2010, Ukraine iliahidi kuondoa uraniamu yote ya kiwango cha juu iliyokuwa katika vituo vyake vya utafiti. Shehena ya mwisho iliondoka Machi 2012 kuelekea Urusi, na badala yake Marekani ikaisaidia kujenga kituo kipya cha utafiti mjini Kharkiv kinachotumia uraniamu ya kiwango cha chini.

Miaka kumi baadaye, mnamo Machi 2022, kituo hicho cha Kharkiv kilipigwa kwa makombora. Kama madini ya awali yangekuwapo bado, ulimwengu ungekuwa na uraniamu ya kuundia bomu ndani ya jengo lililobomolewa katikati ya uwanja wa vita. Hayakuwapo, kwa sababu watu fulani walifanya kazi yao wakati wa amani.

Ni kweli pia kwamba raia wengi wa Ukraine hukumbuka kwa uchungu jinsi nchi yao ilivyosalimisha silaha, ikapewa hakikisho la usalama jijini Budapest mwaka wa 1994, kisha hakikisho hilo likakiukwa. Malalamiko hayo hayawezi kupuuzwa. Nchi nyingine zinatazama, na huenda zikasita kuamini ahadi kama hizo siku za usoni. Anayetaka ushirikiano udumu lazima atimize neno lake.

Yanayoweza kuudumisha

Je, ni yapi basi yanayoweza kuuweka hai ushirikiano huu wakati mataifa makubwa hayasemezani?

Jambo la kwanza ni sheria. Mkataba wa kimataifa wa ulinzi wa madini ya nyuklia ulianza kutumika mwaka wa 1987, lakini ulihusu zaidi madini yaliyo safarini kati ya nchi na nchi. Ulirekebishwa mwaka wa 2005 ili uhusu pia madini yaliyo katika maghala na viwanda vya ndani, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Mei 2016. Mkutano wa mataifa wanachama wa kuyatathmini ulifanyika Vienna mwaka wa 2022, wakati vita vya Ukraine vikiendelea. Rais anaweza kususia karamu ya mwenzake, lakini mkataba hubaki palepale ukimdai.

Jambo la pili ni kukubali kukaguliwa na wenzako. IAEA hupeleka makundi ya wataalamu kutoka nchi mbalimbali kukagua ulinzi wa nchi inayoomba, na imefanya hivyo tangu 1995. Mwaka wa 2023 ilifungua kituo cha mafunzo huko Seibersdorf, Austria, ambako walinzi, maafisa wa forodha na polisi hujifunza pamoja. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za aina hiyo hutegemea michango ya hiari. Shirika linalotegemea hisani haliwezi kupanga mambo ya miaka 20.

Jambo la tatu ni usawa. Degelen ilifaulu kwa sababu kila mmoja wa wale watatu alileta kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Mpango unaomfanya mmoja mwalimu na mwingine mwanafunzi wa milele hauishi muda mrefu. Mji wa Ust-Kamenogorsk, ulikotolewa uraniamu ya silaha mwaka wa 1994, ndio ambao tangu 2019 unahifadhi akiba ya IAEA ya uraniamu ya kiwango cha chini, ili nchi yoyote itakayonyimwa fueli kwa sababu za kisiasa isilazimike kujenga kiwanda chake cha kurutubisha. Aliyekuwa akisaidiwa amekuwa msaidizi.

Jambo la nne ni kupunguza mzigo wenyewe. Ghala lisilo na kitu halihitaji mlinzi. Kila kinu cha utafiti kinachobadilishwa fueli ni mlango mmoja uliofungwa, na hakuna mgogoro wa kidiplomasia utakaoufungua tena.

Kenya nayo

Kenya imekuwa mwanachama wa IAEA tangu 1965. Sheria ya mwaka wa 2019 iliunda halmashauri mpya ya kudhibiti nyuklia, yenye jukumu la kufuatilia vifaa vyote vya mionzi nchini, vikiwemo vile vya hospitali na viwanda. Serikali pia ina azma ya kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia. Eneo la Uyombo, kaunti ya Kilifi, ndilo lililopendekezwa kwanza, wakazi wakapinga, kisha macho yakageukia kaunti ya Siaya.

Mjadala wa mtambo huo umejaa maswali ya ardhi, samaki na gharama, nayo ni maswali ya haki. Lakini kuna jingine ambalo halisikiki sana: nani atalinda madini hayo kwa miaka 60 au zaidi, na kwa bajeti ya nani? Fueli ya mtambo wa kawaida haiwezi kuundia bomu ikiwa bado mpya, lakini ikishatumika huwa na mionzi mikali na hubaki hivyo kwa vizazi vingi. Nchi inayoiingiza hujifunga nira ya kushirikiana na wengine, itake isitake.

Hata kabla ya mtambo huo, wajibu upo. Mashine kuukuu ya tiba ya saratani iliyotelekezwa katika bohari la hospitali inaweza kuwa Goiânia nyingine. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu Gikomba au Mombasa anafaa kuifahamu ile alama ya mabawa matatu ya mionzi, na ajue ampigie nani simu anapoiona kwenye mzigo aliouziwa.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wazee wa Kazakhstan walionyolewa tayari waliachiwa mahandaki ambayo hawakuyachimba, na siri ambazo hawakuambiwa. Waliyaziba kwa sababu maadui wawili wa zamani walikubali kuketi nao meza moja kwa miaka 17 bila kutafuta sifa. Saruji ile ingali imara mlimani. Kilichobaki ni kuona iwapo nia iliyoimwaga ingali hai.